Neno Nililokujibu kwa Haraka

Baraka, jioni kabla hujavuka ziwa

Riziki, mama,

Mambo ya sabuni, nguo za baridi na mahali pa kuficha nauli mama yako ameshakuambia, na kama ninavyomjua atakuambia tena kesho asubuhi ukiwa na chai mdomoni. Mimi sitayarudia. Sasa hivi umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na kwa jinsi watu wa kwaya wanavyoagana, nyimbo nne na sala saba, nina muda wa kutosha. Jua limeshaingia nyuma ya milima lakini mistari ya karatasi bado naiona. Nimekaa kwenye ile meza yangu ya kusahihishia, na nina kalamu nyekundu tu, kwa sababu ile ya bluu umeitia kwenye begi lako bila kuniomba. Usione rangi ukadhani nakusahihisha. Anayesahihishwa leo ni mimi.

Jumatatu uliniuliza neno. Ulikuwa umekaa kizingitini na kitabu chako cha Kiingereza, mimi nashona mkanda wa begi. Ukasema, "Papa, pell-mell ni nini? Iko na sura ya Kifaransa." Nikakujibu bila kuinua kichwa: "Ni haraka. Mbio mbio." Ukasema, "Haraka tu? Sasa kwa nini hawakuandika haraka?" Nikaweka sindano chini, nikatoka nje, nikazunguka nyumba mara mbili kama mtu aliyepoteza mbuzi. Baadaye nilikusikia ukimuuliza mama yako kama nimekasirika. Sikukasirika. Neno hilo nalijua kuliko maneno yote ya Kiingereza, na kwa miaka mingi nimelifundisha nikiwa nimeligeuzia darasa mgongo, naandika ubaoni, ili wasione uso wangu.

Acha nikujibu kama mwalimu kwanza, kisha kama baba. Kwangu njia hiyo ni rahisi zaidi.

Uliona vizuri. Sura yake ni ya Kifaransa kweli. Waingereza walilichukua kwa Wafaransa, pêle-mêle, wakaivua ile kofia iliyo juu ya herufi na kulivalisha nguo zao. Ndani yake mna mêler, kuchanganya, ambalo nilikufundisha mwenyewe ulipoingia sekondari. Ile nusu ya kwanza haina kazi; imewekwa kwa ajili ya mlio tu, kama sisi tunavyosema shaghalabaghala na hakuna anayeuliza baghala ni nani. Kwa hiyo mzizi wa neno si mbio, mama. Mzizi ni kuchanganyika. Mbio zimekuja kwa sababu watu wengi wakikimbia pamoja lazima wachanganyike. Nilipokujibu "haraka" nilikupa nusu ya jibu, na nusu niliyoificha ndiyo yenyewe.

Matumizi yake? Mtu akifunga kamba za viatu upesi, neno hili silo lake. Mbuzi wa jirani wakikuta uzio wa shamba la mihogo umeanguka, wakaingia wote kwa mara moja, huyu akimkanyaga yule, hilo ndilo. Wanafunzi wangu wakisikia kengele ya kwenda nyumbani. Vitu navyo: vyombo vya nyumba mbili vikitupwa ndani ya gunia moja bila kujali kipi ni cha nani.

Kila mwaka nikiwaambia wanafunzi waandike insha juu ya mambo ya haraka, darasa zima linaanza na "Haraka haraka haina baraka." Nimechoka na methali hiyo. Mtu akizaliwa katika mji wa Baraka anachoka nayo mara mbili, maana hakuna mgeni anayeshuka hapa asiyetutania nayo. Lakini uchovu si sababu ya kutoipenda. Siipendi kwa sababu kuna siku haraka ilituokoa, na kama tungekwenda polepole nisingekuwa na mtu wa kumwandikia leo. Kosa langu la siku ile halikuwa haraka.

Miaka kumi na sita iliyopita tulikaa karibu na mwalo, pale boti zinapoegeshwa na samaki wanapoanikwa. Mama yako alikuwa akianika ndagala. Kando yake, mkeka kwa mkeka, alianika mwanamke aliyeitwa Zawadi, mzaliwa wa Kazimia. Jina hilo hujapata kulisikia nyumbani humu, na hilo ni kosa langu la pili, nitalifikia. Mume wake alikuwa mvuvi na alikufa mapema. Alimwachia mtoto mmoja wa kike, rika moja na Sifa wetu. Sifa unamjua kwa jina: dada yako, tuliyekuambia kwamba homa ilimchukua tulipokuwa wakimbizi ng'ambo. Wasichana hao wawili walishinda pamoja mchana kutwa, wakifukuza kuku kwenye samaki na kula ndagala mbichi wakidhani hatuwaoni.

Siku moja mawingu yalitoka ghafla upande wa Ubwari, ng'ambo ya ghuba. Wanawake wote wawili walikuwa sokoni, mimi nimerudi kutoka shule. Nikaona nijifanye shujaa. Nilikunja mkeka wa mama yako na mkeka wa Zawadi, nikamimina ndagala zote ndani ya gunia moja, nikakimbilia ndani kabla ya tone la kwanza. Nilijisifu sana. Waliporudi, mama yako alishika kichwa. "Papa Wilondja, umefanya nini? Sasa za nani ni za nani?" Ndagala za Zawadi zilikuwa zimekauka siku mbili, zetu bado zilikuwa na maji. Zawadi alicheka mpaka akakaa chini. "Acha mwalimu," akasema. "Tutagawa tu na bakuli. Ndagala haina jina." Wakagawa, bakuli hii yako, bakuli hii yangu, na wiki nzima nyumba zote mbili zilinuka kwa sababu yangu. Nilikwenda kuutumia mfano huo darasani, kwa neno hilohilo uliloniuliza, na wanafunzi walicheka sana. Mimi pia nilicheka.

Kuna jambo jingine lazima nikuambie kabla sijafika pale ninapoogopa kufika. Mama yangu, bibi yako, kila jioni kabla ya kufunga mlango alikuwa akituita majina. Kwetu mtoto hahesabiwi. Ukimnyooshea kidole ukasema mmoja, wawili, watatu, alisema mama, unakifundisha kifo hesabu. Mtoto anaitwa kwa jina, naye anaitika "Niko!", ndipo anaingia. Asiyeitika, mlango haufungwi. Tulikuwa tisa, na ibada hiyo ilichukua muda, hasa kwa kuwa kaka yangu mmoja alipenda kuitika akiwa juu ya mti. Niliporudi nyumbani na diploma yangu ya ualimu nilimcheka. Nilimwambia, "Mama, ungehesabu tu, ungemaliza mbio mbio." Alinitazama akaendelea kuita.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa mchana, mvua inanyesha, na risasi zilianza kusikika upande wa milimani, kisha karibu, kisha karibu zaidi. Hatukuwa na muda wa kufunga hata sufuria. Krismasi iliyokuwa imepita, mama yako na Zawadi walinunua kitenge kimoja chenye ndege wa njano, wakakikata katikati, wakawashonea wasichana wao magauni ya namna moja na vilemba vya namna moja. Wasichana hawakukubali kuvaa nguo nyingine tangu siku hiyo. Ndivyo walivyokuwa wamevaa.

Mwaloni watu walijaa mpaka ndani ya maji. Magodoro, mbuzi, cherehani, mzee mmoja amebebwa juu ya mlango; kila mtu anamwita mtu na hakuna anayesikia. Mwenye boti alikuwa ameshawasha mota. "Mwalimu, pandisha batoto! Mbio mbio! Mi naenda!" Mama yako alivutwa akapanda mbele, mdogo wako Faraja mgongoni, wa miezi minane. Mimi nilikuwa nyuma, maji kiunoni. Nilimwinua kaka yako Wilondja, alikuwa na miaka tisa. Nikageuka, nikaona ndege wa njano, kilemba kimeshushwa na mvua mpaka machoni. Nikamshika yule mtoto mkono, nikamwinua, nikamweka kando ya kaka yake, nikawafunika wote wawili kwa shitingi, lile turubai la bluu, ili mvua na mawimbi visiwaue kwa baridi. Utauliza wewe ulikuwa wapi. Nivumilie kidogo, mama.

Mwenye boti akapiga kelele, "Batoto bote iko?"

Mama yangu angeita. Mimi nilihesabu. Niligusa vichwa juu ya plastiki: mmoja, wawili. Wa tatu yuko mgongoni kwa mama yake. Watatu. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa, Riziki, ungenipa alama zote. Chini ya shitingi Wilondja akaanza kusema, "Papa, Sifa iko..." Nikamkatiza. "Nyamaza! Nimeshahesabu." Nikamwambia mwenye boti, "Twende."

Saa ile nzima ya kuvuka ghuba nilikuwa nachota maji ndani ya boti kwa kopo, na nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nakumbuka nilisema, "Wote watatu, Bwana, wote watatu." Wilondja hakufungua mdomo tena. Nilikuwa nimemfundisha kunitii.

Tulipofika Ubwari mvua ilikuwa inakatika. Mama yako alishuka, akaja nyuma ya boti, akaita kama alivyojifunza kwa mama yangu. "Wilondja." "Niko." "Sifa." Kimya. "Sifa." Akaivuta shitingi. Wilondja alikuwa amekaa amemkumbatia mtoto aliyelala begani kwake, na mama yako akakisogeza kilemba nyuma.

Ulikuwa wewe.

Hukulia. Ulitutazama mmoja mmoja ukauliza, "Mama iko wapi?" Mama yako alikuvua gauni lililolowa, akatafuta kwenye furushi kikwembe chake kilichobaki kikavu, akakufunga, akakusugua miguu mpaka ikapata joto. Alipomaliza ndipo akalia. Mpaka leo sijui alipata wapi nguvu ya kufuata utaratibu huo.

Nilimwomba mwenye boti turudi. Nilipiga magoti kwenye mchanga mbele ya watu. "Mwalimu, kule iko moto," akasema, "mi siwezi rudi, niko na batoto pia." Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa. Tukasimama pale ufukweni siku hiyo na siku ya pili, wewe ukiwa mkononi mwangu, tunatazama kila boti inayotokea.

Siku ya pili ikafika boti iliyomleta jirani yetu, fundi wa redio. Yeye ndiye aliyetuambia. Zawadi alikuwa amekuachia mkono kidogo tu, aweke furushi kichwani. Alipogeuka hukuwepo. Fundi alisema sauti yake ilipita kelele zote: "Riziki! Riziki eeh!" Akakuita mpaka sauti ikakauka. Halafu akamwona Sifa amesimama peke yake ndani ya maji, analia, na akaiona boti yetu inavyokwenda. Alielewa yote pale pale. Watu walimwambia aachane na mtoto wa wenyewe, amtafute wake. Akawaambia, "Wangu iko na mwalimu. Kama mwalimu amebeba wa kwangu, mi nitabeba wa kwake. Tutabadirishana kule." Akamfunga Sifa mgongoni, akapanda boti iliyofuata. Fundi alitusimulia hayo akitabasamu, kwa sababu alidhani anatuletea habari njema. Kisha akatazama huku na huku akauliza, "Hamujamuona bado? Yeye alitutangulia."

Siku ya tatu wavuvi wa pale walituita. Sitaandika mengi. Boti yao ilijazwa kupita kiasi na wimbi liliipindua. Sifa alikuwa bado mgongoni. Fundo la kikwembe halikufunguka. Zawadi alikuwa amelifunga vizuri, mara mbili, na ncha ameiingiza ndani. Wavuvi walitaka kuwatenganisha ili kila mmoja apate kaburi lake, mama yako akakataa. "Musimufungue," akasema. "Ni yeye atamubeba." Tukawazika pamoja.

Nimekaa na jambo hili miaka kumi na sita na bado ninalizunguka kama nilivyoizunguka nyumba Jumatatu. Mwalo mzima ulikuwa umechanganyika, na mimi, mwenye diploma, nilichanganya watoto kama nilivyochanganya ndagala. Mtu mmoja tu hakuchanganya kitu. Zawadi, ambaye hakumaliza shule ya msingi, alijua katikati ya risasi wake ni yupi na wa mwenzake ni yupi, akambeba wa mwenzake huku akijua. Huyo ndiye mama aliyekuzaa, Riziki. Una macho yake, na una kicheko chake cha kukaa chini.

Nitakuambia pia jambo baya. Miezi ya kwanza ng'ambo, kambini, kuna siku nilikuchukia. Ulikuwa na miaka minne, ulikuwa unamcheka bata aliyeingia kwenye hema la watu, na mimi nikasema moyoni, kwa nini huyu. Nimeliandika ili usije ukalisikia kwa mwingine, ingawa hakuna mwingine anayelijua, hata mama yako. Wakati huo nilikuwa nimeanza kuita majina jioni, kama mama yangu, baada ya maji kumwagika. Jioni moja niliita Wilondja. Niliita Faraja, mama yake akaitika kwa niaba yake. Nikanyamaza, kwa sababu jina lililofuata kwenye ulimi wangu lilikuwa la Sifa. Wewe ulikuwa umesimama nje ya hema na hukuingia. Ulisubiri. Halafu ukasema, "Na mimi?"

Nikaita, "Riziki." Ukaitika "Niko!" kwa sauti kubwa kuliko mwili wako, ukaingia, ukalala. Nadhani siku hiyo ndiyo niliyokuzaa. Wiki ileile ulimwita mama yako Mama kwa mara ya kwanza, naye akaenda kulilia nyuma ya choo usimwone.

Faraja hunicheka kwamba mpaka leo nawaita majina kabla ya kufunga mlango, nyinyi wasichana wakubwa wenye simu. Sasa unajua. Na Wilondja, akija kutoka Uvira na pikipiki yake, huwa anawaita watoto wake wawili mmoja mmoja kabla ya kuwasha. Nilipomwona mara ya kwanza akifanya hivyo niliingia ndani. Nilimwapisha asikuambie kitu, naye ameshika kiapo. Lile neno "nyamaza" hajawahi kunirudishia usoni, ingawa ana haki yote. Nimemwomba msamaha mara moja, mwaka juzi. Akasema, "Papa, ulikuwa unakimbia na sisi." Sikulala siku hiyo.

Kosa la pili sasa. La kwanza lilichukua muda wa kugusa vichwa viwili, la pili limechukua miaka yote hii, polepole, kwa utulivu, nikiwa na nafasi ya kufikiri. Ndiyo maana methali ile haina la kuniambia. Tuliporudi hapa nilikwenda Kazimia kutafuta ndugu za Zawadi. Nilimkuta mama yake, bibi yako wa damu, ameketi mbele ya nyumba anauza mihogo. Akaniuliza natoka wapi, nikasema Baraka. Akasema, "Baraka kule, hukumuona binti yangu Zawadi? Iko na katoto." Nikasema Baraka ni kubwa. Nikanunua mihogo ambayo sikuihitaji, nikarudi kwa lori la jioni. Niliogopa atakuchukua. Hakuna neno la Kiingereza wala la Kifaransa la kulipamba hilo. Alikufa miaka mitano iliyopita bila kujua kwamba katoto kale kanakwenda kusomea kutafsiri lugha za watu.

Mjomba wako yupo. Anaunda mitumbwi palepale Kazimia, kila mtu atakuonyesha nyumba yake. Wiki ijayo nitakwenda mimi kwanza nikamwambie uso kwa uso, maana si kazi yako kunisemea. Akitaka kunipiga, anipige. Kisha utakwenda wewe ukitaka, wakati utakapotaka.

Nilikuwa nimekata shauri kunyamaza hata sasa. Nilisema moyoni, mtoto anasafiri, usimpe mzigo. Mama yako ndiye aliyenikamata Jumatatu ilipoisha, akaniambia akiwa anakuna nazi, bila kunitazama: "Ukimuacha aende bila kujua, utakuwa umemupandisha mu boti mara ya pili bila kumuita jina." Nilijaribu kubishana kidogo, kama unavyonijua.

Ungetegemea mwalimu amalizie na mafundisho, lakini sina mengi. Kimbia, mama, unapotakiwa kukimbia. Mjini huko mtu akisema twende, mara nyingi ana sababu. Ila kabla wewe hujasema "twende", ita, usubiri kuitikiwa. Na mtoto akikukatiza ukiwa na haraka yako yote, mwache amalize sentensi. Mengine utayajua mwenyewe, na mengine unayajua kunizidi.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Ukitaka kukasirika, kasirika na ukae na hasira yako, nami nitangoja. Ninachokuomba ni kitu kimoja: usijione kosa. Nilifanya kosa mwaloni, lakini kosa hilo ni langu, wewe si kosa. Mtu alikukabidhi kwangu. Alisema kwa mdomo wake kwamba uko na mwalimu, na akaondoka na moyo uliotulia kuliko moyo niliostahili kumpa.

Umeniuliza mara tatu kama nitakusindikiza, nikakuambia goti linauma. Goti langu ni zima. Sijakanyaga mwalo huo tangu siku ile. Ndiyo maana samaki wa nyumba hii hununuliwa na mama yako, na ndiyo maana nilihamia huku juu kwenye vumbi. Kesho nitakuja. Gauni lako la ndege wa njano mama yako alilitunza, liko chini kabisa ya begi, ndani ya karatasi. Boti ikizunguka ncha ya Ubwari, mwombe nahodha akuonyeshe kijiji chenye kanisa la bati jekundu. Kaburi liko nyuma ya kanisa, moja, la watu wawili.

Kabla hamjaondoka nitasimama ndani ya maji na nitaita. Nitamwita Wilondja, ingawa yuko Uvira. Nitamwita Faraja, ataona haya mbele ya watu. Nitamwita Sifa. Nitamwita Zawadi. Halafu nitakuita wewe, kwa jina alilokupa yeye. Siku ile alikuita mara nyingi sana, nawe ulikuwa chini ya shitingi niliyokufunika mimi, ukashindwa kusikia. Kesho usinitazame mimi. Geukia Ubwari, itika kwa nguvu zako zote.

Papa, kama jina hilo bado ni langu.